Kutoka Naivasha hadi Baringo na lenzi ya milimita 600

Njia hii ya siku tano ya kupiga picha za ndege, ziwa baada ya ziwa kwenye Bonde la Ufa la Kenya, inashuka. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, Elmenteita na Nakuru ziko chini yake kidogo, kisha barabara inateremka kupitia Mogotio hadi Bogoria na Baringo, ambako ni kama mita 1,000 tu. Kadiri unavyoshuka, joto linapanda, hewa iliyo juu ya ardhi inaanza kutetemeka mapema zaidi, na muda wa kupata picha kali unafupika. Lenzi ndefu inamkuza ndege, lakini inaikuza pia hewa iliyo kati yake na wewe. Ndiyo maana ratiba hii imefungwa kwenye saa mbili za kwanza za asubuhi na kwenye umbali mfupi. Ziwa moja kwa siku linatosha.

Wakati uliochaguliwa ni mwisho wa Januari. Ni kiangazi, barabara za vumbi zinapitika, na ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia bado hawajarudi kwao. Jua linachomoza kama saa 12:40 asubuhi. Kwa kuwa tuko kwenye ikweta, linapanda karibu wima, takriban digrii 15 kila saa, hivyo mwanga laini wa asubuhi hauchelewi kwisha. Kufika saa mbili ukisema bado mapema ni kupoteza nusu ya siku yenye faida.

Mzigo: kamera mbili, moja ikiwa na lenzi ya 150–600, nyingine na 100–400, ili lenzi zisibadilishwe kwenye vumbi. Mifuko miwili ya kitambaa kigumu cha kuegemeza lenzi, ikisafirishwa mitupu na kujazwa mahindi makavu njiani, kilo mbili kila mmoja, robo tatu tu ya ujazo. Mfuko uliojaa pomoni unakuwa mgumu na lenzi inateleza juu yake. Ukiacha nafasi, mahindi yanajipanga kuizunguka lenzi na kuishika. Betri nne kwa kila kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), kwa sababu skrini na fokasi vinakula umeme hata usipobonyeza kitufe. Pia pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, brashi laini, vitambaa, chupa ya maji safi ya kusuuza miguu ya stendi, na taulo jepesi la kufunika lenzi juani.

Kanuni moja ya hesabu inafaa kukaa kichwani kabla ya kuondoka. Kwa kamera yenye sensa kamili, yaani ile kubwa ya upana wa milimita 36, na lenzi ya milimita 600, kila mita 10 za umbali zinakupa fremu yenye upana wa sentimita 60. Kwa sensa ndogo ya mara 1.5 ni sentimita 40. Kwa milimita 400 kwenye sensa kamili ni sentimita 90. Ukijua ukubwa wa ndege, unajua papo hapo unatakiwa kuwa mita ngapi, na unaacha kufyatua picha za ndege aliye mbali mno.

Siku ya kwanza: Naivasha, ndani ya boti

Boti liliagizwa kwa saa 12:30, abiria wawili tu pamoja na nahodha. Watatu wakikaa upande mmoja boti linainama na kila mmoja anaingia kwenye fremu ya mwenzake. Asubuhi Naivasha hutulia. Upepo huamka mchana na kuleta mawimbi, na hapo hakuna kidhibiti mtikisiko cha lenzi kitakachokuokoa. Jaketi la kuokoa maisha linavaliwa kabla ya mkanda wa kamera, mkanda ukiwa juu, ili kamera iweze kuvuliwa haraka.

Stendi ya miguu mitatu iliachwa nchi kavu. Ndani ya boti inabeba mtetemo wote wa injini na kuupeleka kwenye lenzi, na inakunyima uhuru wa kugeuka. Kaa kwenye ubao, viwiko ndani ya mbavu, mkono wa kushoto chini ya lenzi mbele ya kitovu cha uzito. Ukiweza kukaa sakafuni, kaa: kila sentimita unayoshuka inasogeza usuli nyuma ya ndege kuwa mbali zaidi na laini zaidi, na ndege anaonekana ana kwa ana badala ya kutazamwa kutoka juu.

Mambo mawili ya kukubaliana na nahodha kabla ya kung'oa. La kwanza, injini izimwe mita 50 au 60 kabla ya ndege, boti liserereke lenyewe. Ndege wengi hawaogopi boti linaloelea; wanachoogopa ni mabadiliko ya ghafla ya sauti. La pili ni jua na upepo. Ndege huruka na kutua akiuelekea upepo. Upepo ukitoka nyuma yako, ndege anakuja usoni. Ukitoka mbele yako, utarudi na mikia. Jua nyuma na upepo nyuma ndiyo hali inayotafutwa, na nahodha mzoefu wa wapiga picha anaijua bila kuambiwa, ila mwambie hata hivyo.

Furukombe, yule tai mla samaki, hapa Naivasha hukaa kwenye migunga na miti mikavu ya ufukweni. Mabawa yake yakifunguka yanapita mita 2, hivyo fremu inapaswa kuwa na upana wa angalau mita 3 ili yasikatwe. Kwa milimita 600 hiyo ni mita 50. Akiwa mita 30 unahitaji kurudi hadi milimita 350 hivi. Hapa ndipo lenzi ya kuvuta inapoishinda ile ya urefu mmoja: boti haliwezi kurudi nyuma kwa sekunde mbili anazotumia kuja.

Shida kubwa ya furukombe ni rangi zake. Kichwa na kifua ni vyeupe pe, tumbo na mabawa ni hudhurungi iliyokoza hadi nyeusi. Nyuma yake kuna miti yenye giza, kamera inasoma giza hilo, inaongeza mwanga, na kichwa kinaungua hadi hakuna hata unyoya mmoja unaobaki. Suluhisho ni kuweka mwanga kwa mkono na kuuacha hapo hapo, usuli ubadilike utakavyo. Jua likiwa limefunguka: tundu la lenzi f/6.3, shata 1/3200 ya sekunde, wepesi wa sensa ISO 400. Katika nusu saa ya kwanza, weka f/6.3, 1/2000 na ISO 1250 au 1600, kisha shusha ISO kadiri jua linavyopanda. Washa onyo la sehemu zinazoungua, piga kichwa cheupe kimoja kikiwa juani, na ukiona kinapepesa, punguza theluthi moja ya hatua (hatua moja ni mwanga maradufu au nusu yake) mpaka kiache. Weusi wa tumbo utafunguliwa baadaye kwenye faili ghafi la kamera (RAW). Weupe ulioungua hauna dawa.

Kuna mtindo wa kumtupia furukombe samaki aliyechomekwa kipande cha mti mwepesi au funjo ili aelee, mpiga mbinja akiita. Picha zinapatikana kirahisi, na zote zinafanana. Msimamo wetu ni kutofanya hivyo: ndege anaweza kummeza samaki pamoja na kilichochomekwa, na anazoea kuifuata boti badala ya kuwinda. Badala yake subiri dalili. Furukombe anayetaka kuruka hujisaidia, huinama mbele, hukaza miguu, kisha huachia. Kuanzia anapoinama una sekunde moja au mbili. Kidole kiwe tayari.

Mdiria wa mabaka meusi na meupe alichukua saa nzima iliyofuata, na aliistahili. Ana urefu wa sentimita 25, na huelea hewani akipiga mabawa kabla ya kutumbukia. Anapoelea hatembei, kwa hiyo ndiye ndege bora wa kufunzia fokasi ya kufuata. Fokasi iwe ya kuendelea, eneo dogo la pointi kadhaa, na swichi ya ukomo wa umbali kwenye lenzi isogezwe ili lenzi isipoteze muda kutafuta vitu vya karibu. Shata 1/3200 hadi 1/4000. Chini ya hapo ncha za mabawa zinafutika. Usijaribu kumfuata akizama: anashuka kasi kuliko mikono. Zoea kupiga pale anapoelea na pale anapotoka majini, ambapo kasi yake ni ndogo na matone yanamzunguka.

Mdiria mdogo wa matete, yule wa samawati mwenye mdomo mwekundu, ni kazi nyingine kabisa. Ana sentimita 13 tu. Mita 8 zinakupa fremu ya sentimita 48, yaani anajaza zaidi ya robo ya upana, kwa f/6.3 eneo lililo kali mbele na nyuma ni kama sentimita 7 jumla. Akikutazama moja kwa moja, jicho likiwa kali, ncha ya mdomo na mkia vinaweza kulegea. Subiri ageuke ubavu. Na mafunjo yaliyo mbele yake yatavuta fokasi: kigunduzi cha jicho la ndege kinapohangaika, badili kwa pointi moja ndogo, ilenge kwenye shavu, kisha rudi. Weka mabadiliko hayo kwenye vitufe viwili tofauti vya nyuma ya kamera, kwani hakuna muda wa kuingia kwenye menyu.

Viboko wako humo humo kwenye mafunjo na magugu maji. Mpiga picha anayetazama ndani ya kitundu cha kamera haoni kitu kingine. Mtu mmoja kwenye boti asipige, atazame maji.

Siku ya pili: Elmenteita

Ziwa dogo la magadi, lenye kina kifupi, lililoingizwa mwaka 2011 kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na Nakuru na Bogoria. Linajulikana kwa mwari weupe, ambao huzaliana kwenye visiwa vyake vya mawe. Visiwa hivyo haviendewi na havifai kuendewa: mwari anayeshtuliwa kwenye kiota huacha yai au kinda juani. Fanyia kazi ufukweni.

Jambo la kujua ni ratiba ya mwari. Ni ndege mzito, mabawa yake yanakaribia mita 3, na hapendi kupanda hewani kwa nguvu zake mwenyewe. Asubuhi na mapema anaogelea na kujisafisha. Ardhi ikishika joto, kama saa tatu na nusu hadi saa nne, hewa moto inapanda na makundi yanazunguka humo yakipaa bila kupiga bawa. Hivyo picha za majini ni za saa moja, picha za angani ni za saa nne, na katikati kuna muda wa kupumzisha mikono.

Mwari mweupe dhidi ya anga nyangavu anahitaji fidia ya mwanga ya hatua moja juu, la sivyo anakuwa wa kijivu kwa chini. Mwari huyo huyo akipita mbele ya vilima, fidia iwe hatua moja chini. Kundi likizunguka linapita sehemu zote mbili ndani ya sekunde kumi. Sababu nyingine ya kuweka mwanga kwa mkono. Kwa makundi funga tundu hadi f/8 au f/11, fokasi ikiwa kwa ndege wa mbele.

Hapa pia ndipo pa kujaribu shata ya polepole, 1/60 ukimfuata mwari anayepita ubavu, kidhibiti kikiwa kwenye hali ya pili inayotuliza juu na chini peke yake. Picha nyingi zitaharibika. Unatafuta kichwa kilichotulia na mabawa yaliyovutika.

Heroe (flamingo) walikuwa mita 150 ndani. Hiyo ni fremu ya mita 9, na hewa katikati yake ikishaanza kupata joto. Usijaribu kutoa sura ya ndege mmoja kwa kukata picha. Piga mstari wao wote kama mandhari, au waache.

Siku ya tatu: Nakuru, ndani ya gari

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru inafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) halipokei fedha taslimu getini; malipo hufanywa mtandaoni, kwa hiyo yakamilishe usiku, usije ukahangaikia mtandao wakati jua linachomoza. Kutoka kwenye gari kunaruhusiwa sehemu zilizotengwa tu, droni haziruhusiwi bila kibali, na gari haliachi barabara.

Maji ya ziwa hili yamepanda sana tangu miaka ya mwanzo ya 2010, yakameza barabara, lango kuu la zamani na ukanda wa migunga ya njano. Chumvi ilipungua, mwani ambao heroe mdogo anautegemea ukapungua, na heroe wengi wakahamia maziwa mengine. Anayekuja leo akitarajia ufuko wa waridi atavunjika moyo. Lakini miti iliyofia majini bado imesimama, na ni vituo vya mnandi, furukombe, midiria na yangeyange kwa umbali unaofikika kutoka barabarani. Kwa lenzi ndefu, Nakuru ya sasa inafaa kuliko nyingi.

Gari ni maficho mazuri kuliko hema, ila lina kanuni zake. Zima injini kila mara. Ikinguruma, hata 1/1000 hutoa picha zenye ukungu mwembamba ambao watu huudhania ni kosa la lenzi. Waambie wenzako wasihame viti wakati wa kupiga. Shusha kioo hadi usawa unaokufaa, weka mfuko wa mahindi juu yake, lenzi juu ya mfuko, na mkono wa kushoto juu ya lenzi ukiikandamiza kidogo. Kwa namna hiyo ndege aliyetulia anapigika hata kwa 1/250.

Halafu kuna kosa ambalo hugharimu asubuhi nzima bila kujulikana: tofauti ya joto kati ya ndani na nje ya gari. Kiyoyozi kikiwaka, au kipasha joto alfajiri, hewa ya ndani inatoka dirishani ikikutana na ya nje mbele kabisa ya lenzi, na picha inalegea hata kwa ndege wa mita 10. Zima vyote na ufungue madirisha robo saa kabla. Usipige pia juu ya boneti lenye moto. Kofia ndefu ya lenzi nayo hushika hewa moto gari likikaa juani. Ukiona picha zinalegea bila sababu, ivue kofia na ujaribu tena.

Kulikaribia tawi lenye ndege: usiendeshe moja kwa moja kulielekea. Nenda kwa mshazari, simama mita 40, piga chache za akiba, subiri dakika mbili, songa hadi 30, simama tena. Ndege akiacha kujisafisha na kunyoosha shingo, umefika mwisho wake. Wakati wa kusimama fikiria usuli: gari likisogea nusu mita mbele, shina jeupe lililokuwa linatoka kichwani mwa mnandi linahamia pembeni.

Mnandi mweusi ni kinyume cha furukombe. Ongeza hatua moja hadi moja na theluthi mbili, utaona manyoya yake yana shaba na kijani. Akianika mabawa, msogee hadi jua lije kwa ubavu. Mwanga wa mbele unamfanya bapa kama kipande cha karatasi.

Kwenye msitu wa migunga iliyobaki hai, mwanga hukatika vipande vipande. ISO 3200 hapo ni ya kawaida, na chengachenga zake husafishwa vizuri na programu za siku hizi. Picha iliyotikisika haisafishwi na yoyote. Tai mwenye kishungi kirefu hukaa juu ya visiki vilivyo wazi na huvumilia gari. Subiri upepo uinue kishungi.

Usiku wa Nakuru ulitengwa kwa mafaili. Kamera ya megapikseli 45 hutoa faili la RAW la karibu megabaiti 50, kwa hiyo picha elfu moja ni gigabaiti 50. Nakala mbili kwenye diski mbili, ndipo kadi ifutwe, na ifutiwe ndani ya kamera. Mchujo wa kwanza una swali moja: jicho ni kali? Lisipokuwa kali picha inafutwa, hata mkao uwe mzuri namna gani. Mchujo wa pili unatazama mabawa na usuli. Kabla ya kuhifadhi ndege mdogo kwa matumaini ya kukata picha, hesabu: fremu ina pikseli 8,256 kwa upana, ndege aliyejaza sehemu moja ya kumi ana 826. Zinatosha kwenye simu. Chapa ya sentimita 30 kwa vitone 300 kwa inchi inataka zaidi ya 3,500.

Siku ya nne: Bogoria

Safari ya kushuka ilianza saa tisa usiku ili kufika lango la Loboi kabla ya mwanga. Hifadhi hii iko chini ya Kaunti ya Baringo, si KWS. Tiketi na kanuni zake ni za kwake, na mahali pa kutembea kwa miguu huulizwa langoni, kwani maji yaliyopanda yamebadilisha barabara.

Kitu cha kwanza cha kuelewa Bogoria ni mwelekeo wake. Mashariki mwa ziwa kuna ukuta wa miamba wa Siracho, nawe uko ufuko wa magharibi. Jua linachelewa kuvuka ukuta, na hadi livuke una mwanga laini wa buluu usio na vivuli. Litakapovuka, linakuja usoni mwako. Mwanga wa mbele utaupata alasiri, wakati hewa imechafuka kwa joto. Kwa hiyo amua mapema: asubuhi ya Bogoria ni ya mwanga wa nyuma.

Kabla jua halijavuka: f/6.3, 1/1000, ISO 2000 hadi 3200, mizani ya rangi isogezwe hadi Kelvini 6,500 hivi ili waridi lisiwe zambarau. Heroe wadogo, wenye midomo ya wekundu uliokoza, huchuja mwani kwenye uso wa maji. Heroe wakubwa, wenye midomo ya waridi yenye ncha nyeusi, huzamisha kichwa hadi matopeni. Mdogo ana urefu wa sentimita 80 hadi 90, mkubwa hupita mita 1.2. Ukiwataka pamoja kwenye fremu, tofauti hiyo ndiyo picha yenyewe.

Jua likivuka ukuta una njia mbili. Ongeza hatua moja hivi, ukubali usuli uwe mweupe, na manyoya yawake kwa nyuma. Au punguza hatua mbili, uchukue maumbo tu, mvuke wa chemchemi za moto ukiwa nyuma yao. Mvuke ni mzuri zaidi hewa ikiwa bado baridi. Saa mbili asubuhi ikipita, unatoweka machoni. Usitoke nje ya njia za kutembelea karibu na chemchemi: maji yake yanakaribia kuchemka na ukoko wa kando ni mwembamba.

Waridi lina mtego wake. Histogramu ya kawaida, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, inaonyesha mwanga kwa jumla, na inaweza kuonekana salama wakati mkondo wa nyekundu umeshagonga ukuta wa kulia. Matokeo yake ni bawa lenye doa la rangi moja lisilo na nyoya. Washa histogramu ya rangi tatu, uangalie nyekundu peke yake, na upunguze theluthi mbili ikigusa mwisho.

Kimo cha lenzi ndicho kilichotofautisha picha za siku hii. Ukipiga umesimama, nyuma ya kila heroe kuna maji yenye mng'aro na matope. Ukilala, mfuko wa mahindi chini, lenzi sentimita 20 juu ya ardhi, nyuma yake kuna ukuta wa Siracho ulioyeyuka. Lakini hewa karibu na ardhi ndiyo inayotetemeka kwanza. Saa 2:20 tayari miguu ya heroe wa mita 60 ilikuwa inakatika vipande kwa mazigazi, wakati wa mita 25 walikuwa safi. Jipime hivi: piga picha tano mfululizo za ndege yule yule aliyetulia kwa 1/2000. Zikilegea kila moja kwa namna yake, ni hewa, acha kupiga. Zikiwa zote zimelegea sawasawa, ni fokasi. Ukali ukiwa nyuma au mbele ya ndege, rekebisha lenzi.

Heroe humwonyesha mtu mapema kwamba amekaribia mno. Vichwa vinatoka majini vyote, kisha kundi linaanza kutembea kwenda upande mmoja kwa hatua za haraka. Simama hapo hapo, rudi hatua tano, keti. Kundi linaloruka linapoteza muda wa kula, na wewe unapata migongo.

Matope ya magadi yanakula chuma na kukaza skrubu. Miguu ya stendi husuuzwa kwa maji safi siku hiyo hiyo, ikaanikwa ikiwa imefunguliwa. Vumbi jeupe lililo kwenye kioo cha lenzi lipulizwe kwanza kwa pampu, ndipo kitambaa kiguse. Ukianza na kitambaa unasugua kioo kwa chembe za chumvi.

Siku ya tano: Baringo

Kampi ya Samaki, mji mdogo wa ufukweni, ina waongozaji wa ndege ambao wamekulia hapo, na Baringo, yenye aina zaidi ya 400 za ndege zilizoorodheshwa, haifai kufanywa bila wao. Wanajua tawi analolalia bundi mchana huu, na jiwe alilojibanza mpasuasanda, ndege ambaye unaweza kumkanyaga kabla ya kumwona.

Magenge yaliyo magharibi mwa ziwa yanatazama mashariki, hivyo jua la kwanza linayapiga usoni. Ni kinyume kabisa cha Bogoria, na ndiyo sababu ya kuyapa asubuhi. Wakazi wake ni hondohondo wa Hemprich, kwenzi wenye kishungi, na tai mweusi wa Verreaux anayewinda pimbi. Tai huwa juu na mbali. Milimita 600 hapa zinafaa kwa picha ya tai ndani ya genge, mwamba mwekundu ukijaza fremu, f/8. Mwamba hutunza joto. Saa mbili na nusu kazi ya hapo imekwisha.

Mpasuasanda mchana hulala chini akitegemea rangi yake. Mwongozaji huweka mpaka, mara nyingi mita 6 au 7, nasi tuliutii. Zima sauti ya shata, lala, lenzi kwenye mfuko, 1/125 inatosha kwa sababu hatikisiki. Hapa fokasi ya jicho hushindwa mara nyingi, jicho likiwa limefumbwa kuwa mstari; weka fokasi kwa mkono ukikuza skrini mara kumi. Dakika mbili, kisha ondoka kwa njia uliyojia. Flashi haitumiki kwake wala kwa bundi. Sauti za kurekodi za kuwaita ndege nazo ziachwe: mwenye eneo anakuja akidhani amevamiwa, na anaacha kiota akihangaika.

Minana walikuwa wakisuka viota juu ya maji. Kiota kiko mahali pamoja, hivyo weka fokasi kwenye mlango wake, funga hadi f/9, 1/3200, ungojee ndege aingie mwenyewe. Kamera zinazopiga fremu 20 kwa sekunde hujaza bafa, yaani kumbukumbu yake ya muda, baada ya sekunde chache. Gusa kwa mafungu ya nusu sekunde. Na ukitumia shata ya kielektroniki kwenye kamera yenye sensa inayosoma polepole, bawa linapinda kama limeungua moto. Hapo tumia shata ya mitambo hata ikipiga kelele.

Mchana Baringo hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Kamera nyeusi iliyoachwa juani hutoa onyo la joto na hatimaye hujizima. Taulo jepesi juu yake linatosha. Ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi, ifungie ndani ya begi kwa nusu saa nje kabla ya kuifungua, la sivyo lenzi inajaa unyevu.

Jioni boti tena, saa kumi na nusu, injini mbali na viboko na mamba. Maji ya Baringo yana udongo, na jua la pembeni linayageuza kuwa usuli wa kahawia uliotulia, mzuri kwa yangeyange mweupe aliyepimiwa mwanga kama furukombe wa siku ya kwanza. Jua likizama shata ilikuwa imeshuka hadi 1/400 kwa ISO 6400, na kwenye boti huo ndio mwisho.

Kazi ya mwisho ilikuwa mezani. Picha za bundi, mpasuasanda na za viota zilitengwa, taarifa za GPS zikafutwa ndani ya mafaili yatakayosambazwa, na majina ya mahali yakaandikwa kwa upana wa kaunti tu. Mafaili asilia yenye mahali kamili yalibaki kwenye diski.